Namba za Saa Tisa

Jumatatu, 7 Julai

Nimerudi kliniki na vitu vitatu: mashine ndogo ya kupimia sukari, kopo la vijiti hamsini vya kupimia, na karatasi ya nesi. Karatasi imeandikwa pande mbili. Upande wa vyakula ninavyoruhusiwa ni mfupi.

Nesi kasema nitafute daftari, kila asubuhi niandike namba. Nimenunua mawili. La nesi litakuwa na namba. Hili ni langu, halisomwi na mtu.

Kwa ufupi: wanga, basi. Wali, mkate, viazi, biskuti, soda — kwaherini. Nesi ana sauti ya upole, hata habari mbaya inaingia bila kubisha hodi. Anasema mwili wangu umeshindwa kuubeba wanga, kwa hiyo tuupunguzie mzigo. Baada ya miezi mitatu tutaona. Sukari ikishuka, nabaki na vidonge. Isiposhuka ni sindano ya insulini, kila siku, tumboni. Mimi na sindano hatujawahi kuelewana. Shuleni, siku ya chanjo, nilitorokea dirishani.

Bi Mkubwa alikaa pembeni yangu muda wote, akauliza maswali kuliko mimi mgonjwa. Miguu inakuwaje? Macho je? Kuna dalili gani? Nesi akaniambia, mzee, una mke. Nikavimba kichwa.

Nyumbani karatasi ilikuwa ukutani jikoni kabla sijavua kofia. Shemeji, mdogo wake Bi Mkubwa, akaisoma mpaka mwisho, kisha akauliza kama na yeye inamhusu. Shemeji huyu alikuja kukaa kwetu wiki mbili. Mwaka jana. Ndiyo maana humu ndani namwita Wiki Mbili. Mdomoni namwita shemeji.

Jumanne, 8 Julai

Namba ya kwanza: 11.8. Kidole kinauma.

Mayai mawili na kabichi. Chai kavu. Wiki Mbili alikata mkate, akauona uso wangu, akageuza kiti akaelekea ukutani kwa heshima. Nilimsikia akitafuna mpaka mwisho.

Alhamisi, 10 Julai

Aibu. Naandika ili nisirudie.

Mimi ni mkaguzi wa mizani. Miaka thelathini na moja nazunguka madukani na sanduku la mawe ya shaba, napima mizani za watu, na inayopunja naifungia. Kwa hiyo nesi alipoandika "kila mlo, gramu thelathini za wanga, zisizidi", nilijua amempata mtu wake. Nikaja na mizani ndogo ya ofisini. Nikaiweka mezani. Nikapima.

Yai moja la kuchemsha: gramu hamsini na mbili. Nikalikata. Nikalipunguza tena. Nikafika gramu thelathini kamili, nikala, nikafuta mdomo. Hicho ndicho chakula cha mchana. Jioni nikala gramu thelathini za kabichi, yaani jani moja na kipande cha jani. Bi Mkubwa akauliza kama nina hakika. Nikamwuliza hapa nani ni mtaalamu wa vipimo.

Leo saa nne asubuhi Dereva, ambaye tunazunguka pamoja kwa gari la ofisi, kanikuta nimelaza kichwa juu ya meza. Akachukua simu yangu akampigia nesi. Nesi alicheka kwanza, nilimsikia. Kumbe gramu thelathini ni za wanga uliomo ndani ya chakula, si za chakula. Yai halina wanga wa kuhesabu. Kabichi kula mpaka uchoke.

Nimekula mayai manne nimesimama. Dereva kaahidi hatamwambia mtu. Mhasibu wa ofisini ameshaniuliza.

Jumapili, 13 Julai

Bi Mkubwa amegundua koliflawa. Kaikatakata mpaka imekuwa punjepunje, kaipika, kaiweka kwenye sahani yangu, kaiita wali. Kwa mbali ni wali. Ni mtu aliyevaa sare ya polisi bila kuwa polisi. Mchuzi wa samaki ulikuwa mzuri, ukanisaidia kuvumilia.

Wiki Mbili kaonja akasema haina neno, ila yeye ataendelea na ule mwingine.

Kwangu sasa maji yamezidi unga, na unga wenyewe umepigwa marufuku.

Jumatano, 23 Julai

Asubuhi: 7.4! Nimeiandika kwenye daftari la nesi kwa wino mwekundu.

Suruali ya kazini inadondoka. Usingizi mzuri. Kusema kweli sitamani wali tena kama zamani, natamani mkate tu, na hasa ukoko wake. Bi Mkubwa hanipi nafasi. Nikirudi jioni ananikagua mifuko kutafuta biskuti, ananinusa mdomo. Nimewakagua watu maisha yangu yote, sikujua inavyokera.

Gunia la mchele limekwisha, tumefungua jingine la kilo ishirini na tano. Nimemtazama Wiki Mbili. Wiki Mbili katazama dari.

Joto limemshika Bi Mkubwa. Jagi la maji linajazwa mara tano kwa siku.

Jumatatu, 4 Agosti

Siku mbaya kuliko zote tangu nianze kazi ya serikali.

Tumeingia kwa nesi mimi na Bi Mkubwa. Nimetoa daftari kwa maringo. Namba ishirini na nane, asubuhi ishirini na nane, zinashuka vizuri kama ngazi. Nesi kafurahi. Kisha kasema, hebu nione na mashine. Sikujua mashine ina kumbukumbu. Inatunza kila namba, na siku yake, na saa yake.

Kabofya, kabofya. Uso ukabadilika.

"Mzee, hii ni nini? Kumi na sita nukta nne. Saa tisa alasiri."

Kabofya tena. Kumi na saba. Kumi na tano nukta tisa. Namba tisa zote, siku mbalimbali, zote kati ya saa tisa na saa tisa na nusu. Kahesabu vijiti kwenye kopo: kumi na tatu. Akapiga hesabu. Vijiti tisa havimo, na kwenye daftari langu havimo.

Kasema bila ukali, na hilo ndilo linaloumiza. Wagonjwa wengi hufanya hivi, anasema. Asubuhi hujala, unapima, unaandika. Mchana unakula unachokijua mwenyewe, unapima, unaogopa, huandiki.

Nikasema saa tisa mimi niko sokoni, mashine iko nyumbani kabatini. Haitoki. Mwulize mke wangu.

Nesi akamgeukia. Bi Mkubwa, ambaye sijawahi kumwona akikosa la kusema hata msibani, alikuwa anasoma bango la ukutani linaloelekeza namna ya kuosha miguu.  Kisha kasema:

"Mimi siwezi kujua. Mimi ni mtu wa jikoni."

Nimechomwa kisu na mke wangu mbele ya mtumishi wa afya. Yaani na yeye anaamini naiba.

Nesi kaenda chumba cha pili kwa daktari, karudi na kidonge kipya cha kuongeza juu ya vile vya zamani. Nirudi baada ya mwezi. Namba za mchana zikiwa hivi hivi, hatungoji miezi mitatu. Sindano.

 Jioni Bi Mkubwa kanipikia kabichi na nyama, nzuri kuliko zote alizowahi kupika, kanijazia sahani. Nimeila kwa uchungu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeamua. Mtu akipewa namba isiyo yake, kwanza anakagua kipimo.

Nimekwenda na mashine kazini. Nimejipima mara tatu mfululizo mbele ya Dereva kama shahidi: 7.1, 7.3, 7.0. Mizani ya duka ingekuwa na uaminifu huu ningeigongea muhuri bila kuuliza. Vidole vitatu vina matundu. Dereva kasema nimekuwa chujio.

Mashine ni nzima. Basi kuna mtu.

Alhamisi, 7 Agosti

Kikulacho ki nguoni mwako. Nyumbani tuko watatu. Mimi siyo. Bi Mkubwa siyo, yeye ndiye askari. Anabaki Wiki Mbili, ambaye saa tisa alasiri huwa ameshiba na hana la kufanya.

Nimekuja na waya na kipande cha madini ya risasi cha kubania muhuri kutoka ofisini. Nimeufunga mkoba wa mashine kama ninavyofunga mizani iliyohukumiwa, nikabana na koleo. Mtu asiguse.

Ijumaa, 8 Agosti

Asubuhi nimelazimika kuvunja muhuri wangu mwenyewe ili nijipime. Sikulifikiria hilo. 6.8. Nimefunga upya.

Jioni nimemkalisha Wiki Mbili. Nikamweleza ushahidi. Hakukasirika, na hilo likanitia mashaka zaidi. Kasema, shemeji, mashine yako sijaigusa, naogopa damu. Lakini ukitaka kidole, hiki hapa. Alikuwa ametoka kula nusu mkate na jamu, na chai ya vijiko vinne vya sukari. Nikamtoboa. Akafumba macho.

5.1.

Nimeitazama namba ile dakika nzima. Mimi nakula majani mwezi mzima sijawahi kuiona tano. Wiki Mbili akauliza, ni mbaya? Nikamwambia nenda kalale.

Jumatatu, 11 Agosti

Muhuri umekatwa. Umewekwa vizuri juu ya mkoba, waya umekunjwa. Kwenye kumbukumbu: 16.8, saa tisa na dakika ishirini, leo. Na leo Wiki Mbili hakuwepo! Alikwenda kwenye usaili wa kazi, wa kwanza tangu ahamie, barua nimeiona.

Nimemwuliza Bi Mkubwa. Kasema alikuwa anafuta vumbi kabatini, waya ukamkwama kwenye kitambaa. Nimekubali. Katika miaka ishirini na tisa ya ndoa sijawahi kumkuta na uongo, sitaanza leo kwa sababu ya vumbi.

Basi ni joto. Nimewahi kuona mizani inayopotoka kila mchana jua likigonga bati. Mashine hii ina hitilafu ya saa tisa. Nitaandika ripoti.

Jumanne, 12 Agosti

 Naandika kitandani.

Tulikuwa kwenye duka la nafaka. Mwenye duka ni mama mmoja mwenye maneno, mizani yake inapunja gramu arobaini kwa kila kilo. Namweleza kosa lake, nikaona namba za mizani zimekuwa mbili mbili. Jasho.  Mama yule kasema, afisa, mbona unatetemeka, au wewe ndiye mwenye kosa?

Nikakaa juu ya gunia. Dereva alijua kabla yangu, nesi alishamweleza siku ile ya simu. Akapiga kelele: soda! Leta soda haraka!

Sasa, katika kazi yetu, mtu akitaka kukulainisha hasemi chukua rushwa. Anasema, afisa, pata hela ya soda. Miaka thelathini na moja sijapata soda ya mtu. Najulikana. Kuna wanaonichukia kwa hilo. Na leo, mbele ya wateja sita, mkaguzi wa mizani amekaa juu ya gunia la ushahidi anakunywa soda ya mtuhumiwa, chupa nzima, bila kupumua.

"Hatimaye, afisa," kasema mama yule, na duka zima likaangua kicheko.

Zahanati ya karibu walinipima: 3.6, na hapo soda iko tumboni. Walisema kabla ya soda nilikuwa pabaya sana. Tukarudi dukani nikaifungia mizani yake. Kauliza, hata baada ya soda? Nikamwambia hata baada ya soda.

Nimemwandikia mkuu wangu wa kazi: "Leo nimepokea soda moja, ya machungwa, kwa sababu za kitabibu."

Nesi kwa simu kasema niache kile kidonge kipya mara moja, nije kliniki Jumatatu.  Kisha kasema, mzee, haviendani. Mtu wa kumi na sita na mtu wa soda hawaendani.

Jumatano, 13 Agosti

Nimepewa siku tatu za kupumzika. Bi Mkubwa hataki niinuke hata kwenda kunawa.

Alikaa ukingoni mwa kitanda asubuhi nzima. Ghafla kasema, "Kilichokuangusha ni mimi." Nikamwambia kabichi haina kosa, kosa ni kidonge. Akalia. Bi Mkubwa halii ovyo. Nikamwambia mama, niko hapa, nimekunywa soda na sijafukuzwa kazi. Akazidi kulia. Kafungua mdomo mara mbili kama mwenye neno, kisha kasema anakwenda kuangalia sufuria.

Jikoni hakukuwa na sufuria motoni. Nilisikiliza. Alikuwa amesimama tu.

Alhamisi, 14 Agosti

Dereva kaja kunijulia hali. Nikamsomea ripoti ya hitilafu ya saa tisa, kurasa mbili na nusu. Kasikiliza mpaka mwisho, maana ana adabu.

"Mzee," kasema, "dukani mizani ikiwa nzima, na muuzaji umemkagua ukamkuta safi, unamwangalia nani?"

Nikamwambia, mteja aliyekuja kupimiwa.

"Haya," kasema, akachukua kofia yake.

Alipoondoka nilikaa. Kisha nikaenda jikoni, Bi Mkubwa akiwa sokoni. Nikaliweka gunia la mchele juu ya mizani.

Nyumba hii hupikwa vikombe vitatu kwa siku, mchana, kimoja kwa kila mtu. Fungu langu lilikuwa linafunikwa sahani hadi nirudi jioni. Kikombe chetu ni gramu mia tatu, nimekipima leo. Mimi nimeacha wali tangu Julai. Basi vikombe ni viwili, gramu mia sita kwa siku. Gunia limefunguliwa siku ishirini na mbili zilizopita. Lilipaswa kubaki na karibu kilo kumi na mbili.

Limebaki na kilo tano na kidogo.

Vitatu. Bado anapika vitatu. Na Wiki Mbili hamalizi hata kimoja chake, anajaza tumbo kwa mkate, namwona. Fungu langu linaliwa mchana, jikoni, na mtu anayekula amesimama kwa sababu ameshawapakulia wengine. Nusu saa, saa moja baadaye, ni saa tisa.

Jagi la maji. Sindano ya kushonea ambayo siku hizi mdogo wake ndiye anayemtungia uzi. Maswali yote yale kwa nesi, miguu, macho, dalili. Nikavimba kichwa, nikadhani ananiulizia mimi!

Mama mkwe wangu alikatwa mguu kwa sukari, kisha akaondoka kidogo kidogo. Bi Mkubwa alimwuguza miaka minne. Alimwogesha, alimbeba. Tangu msiba ule, neno lenyewe alikuwa halitamki ila akizungumzia chai, mpaka ilipokuja hii yangu.

Miaka thelathini na moja naona gramu arobaini kwenye mizani ya mtu nisiyemjua. Nyani haoni kundule.

Ripoti nimeichana. Naogopa. Sijui niandike nini kingine.

Jumamosi, 16 Agosti

Mchana nilimfuata jikoni. Alikuwa na kijiko, sufuria mbele yake.

"Mama, njoo tukae tule wote."

"Mimi nakula hapa hapa, unajua."

"Hilo fungu la nani?"

"Lilikuwa lako. Sasa nilitupe? Chakula hakitupwi, mzee."

"Kuanzia kesho pika vikombe viwili."

"Mkono umezoea vitatu. Miaka ishirini na tisa."

"Mkono utafundishwa."

"Wewe angalia kabichi yako."

Hapo ndipo ningesema. Nimewahi kumwambia tajiri mwenye walinzi wanne getini kwamba mizani yake ni mwizi. Leo mbele ya mwanamke mmoja mwenye kijiko ulimi ukawa mzito. Nikisema tu, itakuwa kweli, na mguu wa mama yake utaingia jikoni ukae na sisi. Nikamsogezea sahani yangu. Nikasema kabichi imenizidi, nisaidie.

 Akachota, akala.

"Haina chumvi," kasema.

"Wewe ndiye uliyeipika."

Tukacheka wote wawili, kicheko cha watu wanaochungana. Akala kabichi yangu nusu. Wali akaufunika. Wiki Mbili akaja kuuliza kama ule uliofunikwa una mwenyewe.

Jumatatu, 18 Agosti

Niko kwenye benchi nje ya chumba cha nesi. Daftari hili nimelibeba kwa makosa, la nesi limebaki nyumbani. Naandika kwa sababu nikikaa bure nitaingia ndani bila kuitwa.

Tuliingia pamoja. Nesi kaweka mashine mezani.

"Tarehe kumi na moja, kumi na sita nukta nane. Kesho yake umeanguka kwa sukari kushuka. Mzee, sikugombezi. Nataka kujua nakutibu nani. Hizi namba ni zako?"

Nilimtazama Bi Mkubwa. Alikuwa kwenye bango la miguu. Vidole vimekaza mkanda wa mkoba. Nikafikiri, akiumbuliwa hapa, mbele ya mgeni, na mimi, hatanisamehe, na hatarudi tena kwenye jengo hili. Nilipanga kumwambia nesi baadaye, peke yangu, pembeni. Sikuwa nimepanga vizuri.

Sijawahi kuthibitisha namba ya uongo katika maisha yangu. Nikasema:

"Ni zangu."

Nesi kashusha pumzi. Kasema basi sukari yangu inaruka juu na chini, vidonge havitoshi, atamwita daktari. Kafungua droo. Katoa boksi. Nikaziona. Kasema, wakati tunamsubiri nikuonyeshe sehemu ya kuchoma, fungua shati.

Nilifungua kifungo cha kwanza. Cha pili kikanishinda. Nikakivuta.

"Funga shati, mzee."

Bi Mkubwa alikuwa ameuweka mkoba sakafuni. Kautandaza mkono wake juu ya meza, kiganja juu, kama mtu anayesomwa bahati.

"Ni zangu mimi," kasema. "Zote tisa, na hiyo ya kumi."

Nesi kanitazama mimi, kamtazama yeye. Boksi likarudi droo. Akasema, baba, tupishe kidogo.

Kwa hiyo niko hapa. Mlango huu haufungi vizuri. Sisikilizi, ila nasikia.

Anaulizwa kiu. Anajibu ndiyo. Kwenda haja ndogo mara kwa mara? Ndiyo. Macho? Ndiyo. Miguu inakufa ganzi?  Kasema kidole kimoja tu.

Tangu lini?

"Tangu mwaka juzi."

Mwaka juzi! Mimi yangu imeonekana Juni hii.

Nesi kauliza, kwa nini hukuja? Bi Mkubwa kasema aliogopa. Aliona ya mama yake. Kasema, ndipo nikamleta yeye.

Nani?

"Mume wangu. Nikamwambia anakunywa maji sana, lazima apimwe. Nilitaka nione kwanza, mtu akiwa nayo, huku mnamfanya nini."

"Na kweli alikuwa anakunywa maji sana?"

"Wapi. Alikuwa mzima kabisa. Nusura nizimie mliposema na yeye anayo."

Sikuweza kujizuia. Nimecheka mpaka mzee wa pembeni yangu kasogea mbali kwenye benchi. Nakumbuka sasa. Alinifuata wiki nzima, unakunywa maji sana, unakunywa maji sana, mpaka nikaanza kuona kiu. Alinitanguliza kama mtu anayetuma mwenzake aonje kina cha mto kwa mguu. Na kwa kunituma huko kaniokoa, na yeye akabaki ng'ambo peke yake na sufuria ya vikombe vitatu. Nimecheka, kisha machozi yamenitoka, na sina kitambaa.

Mashine imelia ndani. Nesi katamka namba kwa sauti ndogo. Sijaisikia. Sasa anamweleza jambo polepole, na Bi Mkubwa anajibu "ehe", "ehe", kama mtu anayeelekezwa njia ya mbali.

Kiti kimesogezwa.

"Mzee," kaita. Siyo sauti yake ya jikoni. "Bado uko hapo?"

Nimemjibu nipo.

"Usiende mbali. Anasema nivue viatu."